Bi. Katherine wa Nyeri na Vibao vya Kugeuzageuza

Mpenzi msomaji, hebu msimamishe mwanafunzi yeyote pale stendi ya Nyeri umwulize ni Mzungu gani mashuhuri aliyewahi kuishi katika mji huu. Atakujibu bila hata kufikiri: Baden-Powell. Ni haki yake. Kaburi la mzee huyo wa maskauti liko hapahapa tangu mwaka 1941, na wageni hawaachi kuja kulitazama. Mwenye kusoma kidogo zaidi atakuongezea Jim Corbett, yule mwindaji wa simbamarara na chui wa India, aliyefariki Nyeri mwaka 1955. Lakini ukimtajia Bi. Katherine Routledge, atakukodolea macho tu.

Huyo ndiye niliyemchagua kwa toleo hili. Chama chetu ni cha lugha, na mama huyu, baada ya kuishi kwetu Nyeri, alivuka bahari tatu akifuata jambo ambalo ni la lugha kabisa: maandishi ya watu ambao wasomaji wao walikuwa wamebaki wawili watatu, tena wagonjwa. Alikuta kwamba hata kujua pa kuanzia kusoma ni elimu, na elimu hiyo inaweza kufa na mtu.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti, 1866, katika mji wa Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Jina lake la nyumbani lilikuwa Katherine Maria Pease. Ukoo wa Pease ulikuwa na mali si haba. Ndio waliogharimia ile reli ya Stockton na Darlington ya mwaka 1825, reli ya kwanza ya umma kuvuta watu na mizigo kwa garimoshi la mvuke. Kwa dini walikuwa Marafiki, yaani Makwekwa, madhehebu yaleyale yaliyokuja kuingia Kaimosi, Magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Baba yake alifariki binti akiwa bado mdogo sana. Ndani ya nyumba hiyo ya kitajiri kulikuwa na kivuli kingine pia: ugonjwa wa akili ulimpata ndugu yake, na Katherine mwenyewe tangu utotoni alikuwa akisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Liweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Wasichana wa daraja lake walitarajiwa kuolewa mapema na kukaa sebuleni wakinywa chai. Yeye alikwenda Oxford mwaka 1891, katika chuo cha wanawake cha Somerville, akasoma historia, akafaulu vizuri mwaka 1895. Akapewa shahada? Thubutu! Oxford ya siku hizo iliwaruhusu wanawake kusoma na kufanya mtihani, lakini shahada haikuwapa hadi mwaka 1920. Ilimbidi avuke maji hadi Dublin, kwenye Chuo cha Trinity, ndipo akavikwa joho. Wenzetu mnaolalamika kuhusu matokeo kuchelewa, haya basi.

Alifundisha kwa muda, na baada ya vita vya Makaburu alisafiri Afrika Kusini na kamati iliyochunguza kama wanawake wa Kiingereza wangeweza kupelekwa huko kufanya kazi. Halafu, mnamo mwaka 1906, akiwa na umri wa karibu miaka 40, akaolewa na bwana mmoja aliyeitwa William Scoresby Routledge. Huyu alikuwa mzaliwa wa Melbourne, Australia, mtu wa kupenda safari na bunduki, na alikuwa amekwisha kuishi Ukikuyuni kabla ya ndoa. Fungate yao, ikiwa tunaweza kuiita hivyo, ikawa Nyeri.

Nyeri ya mwaka 1906 si hii ya magari kubanana. Kituo cha serikali kilikuwa na umri wa miaka minne tu. Kilianzishwa Desemba 1902 baada ya majeshi ya Mwingereza kupigana na wenyeji, na mwaka 1904 wakaja tena kupiga. Maana yake ni kwamba watu ambao Bi. Katherine aliketi nao walikuwa na makovu mabichi. Garimoshi lilimfikisha Nairobi. Kutoka hapo hadi Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati huo, na kupanda hadi Nyeri, ilikuwa ni safari ya miguu, wapagazi na mahema, huku mlima Kirinyaga ukijitokeza alfajiri na kujificha kabla ya saa nne, desturi ambayo haijauacha mpaka leo.

Wakakaa hadi mwaka 1908. Kazi yao ilikuwa kuandika na kupiga picha kila walichokiona. Wahunzi waliokuwa wakipata chuma katika mchanga mweusi uliooshwa mtoni. Akina mama waliofinyanga vyungu bila gurudumu. Ususi wa vyondo, ujenzi wa nyumba kwa siku moja, ndoa, mbuzi wa mahari, baraza za wazee. Hapa ndipo faida ya kuwa mwanamke ilipoonekana. Mzungu mwanamume angeweza kuongea na wazee wa kiama hadi kuchwa, lakini nyumbani kwa mama, pale kwenye mafiga matatu, hana kiti. Katherine alikuwa na kiti. Hadithi za mazimwi na wanyama ambazo akina nyanya walizisimulia jioni zilipata kuandikwa, na kwa hilo mimi namshukuru, hata kama mengine aliyoyaandika hayanipendezi.

Yasiyonipendeza ni kama lile jina la kitabu. Kilitoka London mwaka 1910, bwana na bibi wakiwa wameandika kwa pamoja, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Pamoja na Watu wa Kabla ya Historia. Kabla ya historia! Watu waliokuwa wakizipa rika zao majina kwa matukio, rika hili la njaa, lile la ugonjwa, lingine la nzige, hata mzee akaweza kuhesabu vizazi vingi nyuma kwa kutaja majina tu, hao ndio hawana historia? Walichokosa ni karatasi. Na hata hapo tuseme polepole, maana Nyeri ilikuwa na kitu kilichokaribia kabisa kuwa maandishi.

Nazungumzia gicandi.

Wengi wetu tumelisikia neno hili kwa sababu Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mpiga gicandi awe msimulizi wa riwaya yake ya Kikuyu iliyotoka mwaka 1980. Lakini gicandi chenyewe ni kibuyu. Ndani kimetiwa mbegu au vijiwe ili kilie kama kayamba, nje kimepambwa kwa kauri, na kwenye tumbo lake, hapo ndipo penye uhondo, kimechorwa alama. Mistari, duara, vipembe, vidoto, vitu kama jua na mwezi na njia. Mwenye kibuyu alikuwa malenga. Aliingia sokoni, watu wakamzunguka, akakitikisa na kuanza kughani beti za mafumbo. Malenga mwingine akajitokeza na kibuyu chake, na hapo pakawa na ushindani: huyu anatega, yule anategua, beti kwa beti. Aliyeshindwa kutegua alinyang'anywa kibuyu. Hebu fikiria hasara hiyo! Si chombo tu kilichokwenda, ni maktaba nzima.

Zile alama zilifanya kazi gani? Hazikuandika sauti kama herufi zetu zinavyofanya. Zilikuwa za kumkumbusha malenga ubeti. Akiona alama ya njia, ubeti wa njia unamjia mdomoni. Wewe usiyefundishwa ukipewa kibuyu hichohicho utaona michoro ya kupendeza tu. Na kibuyu ni mviringo, hakina ukingo wa kulia wala wa kushoto, hakina mstari wa kwanza. Msomaji alikizungusha mkononi. Pa kuanzia alipajua mwenyewe na aliyemfundisha. Mapadri wa Consolata, waliofika nchi hii mwaka 1902 na kujenga pale Mathari, ni miongoni mwa waliohifadhi beti hizi. Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha vitendawili na gicandi mwaka 1973, na baadaye Profesa Kimani Njogu, ambaye sisi watu wa Kiswahili twamfahamu sana, akaandika kwa kirefu jinsi sanaa hiyo ilivyokuwa mazungumzo ya watu wawili wala si wimbo wa mtu mmoja. Vibuyu vyenyewe vimelala makumbushoni. Wa kuvizungusha hawapo.

Kabla hatujapanda jahazi na Bi. Katherine, niruhusu kidogo nichepuke, maana swali hili la pa kuanzia kusoma ni tamu.

Sisi twaanza kushoto twaenda kulia, tukadhani ndiyo sheria ya mbingu na nchi. Kumbe hata Kiswahili chetu chenyewe hakikuanza hivyo. Tenzi za Pate na Lamu, kama ule Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na washairi wa Mombasa kama Muyaka hawakujua njia nyingine. Kitabu chao kilifunguka pale ambapo chetu kinafungwa.

Wachina nao ndio mabingwa wa mambo haya. Kwa desturi yao ya kale, maandishi hayalali, yanasimama. Alama moja iko juu, inayofuata iko chini yake, mpaka mwisho wa safu. Kisha safu ya pili inaanza upande wa kushoto wa ile ya kwanza. Kwa hiyo msomaji anaanzia kona ya juu kulia na kumalizia kona ya chini kushoto, na huko kushoto ndiko bwana mwandishi anakotia sahihi na kugonga muhuri wake mwekundu. Sababu moja inayotajwa ni kwamba kabla ya karatasi waliandika juu ya vipande vyembamba vya mwanzi, kila kipande safu moja, vikafungwa kwa kamba kama jamvi. Mkono wa kushoto unakunjua, wa kulia unaandika.

Na wanapoandika bango la mlangoni lenye alama nne zilizolala, kwa mtindo wa kale zinasomwa kutoka kulia. Mantiki yake ni rahisi ukiielewa: hizo ni safu nne, kila safu ina alama moja tu! Mashairi mawili ya mlangoni nayo, la kwanza hutundikwa upande wa kulia wa anayeutazama mlango. China Bara ilianza kuandika magazeti na vitabu kwa kulala, kushoto kwenda kulia, katika miaka ya 1950, lakini fundi wa kalamu ya brashi hata leo huona vizuri zaidi safu zisimame. Tangu kampuni za Kichina zijenge barabara ya Thika kati ya 2009 na 2012, alama hizi si ngeni kwa macho ya abiria wa kwenda Karatina na Nyeri. Jambo la kuchekesha ni kwamba kule kwao, baadhi ya malori upande wa kulia wa gari huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto ili maneno yaanzie kichwani mwa gari na kuishia mkiani. Ukisoma kinyume, utalisoma lori kinyumenyume.

Naam, jambo la maana ni kwamba Mchina wa leo akikosea upande, atagundua. Sentensi itakataa. Itakuwaje pale ambapo hakuna tena mtu wa kusikia kwamba sentensi imekataa?

Swali hilo lilimngoja Bi. Katherine katika kisiwa cha Rapa Nui, ambacho Wazungu hukiita Kisiwa cha Pasaka. Ni kijisiwa kidogo katika bahari ya Pasifiki, kilomita zaidi ya 3,500 kutoka pwani ya Chile, kinachojulikana kwa yale masanamu makubwa ya mawe. Waliporudi kutoka Nyeri, wataalamu wa jumba la makumbusho la London waliwadokezea kwamba kisiwa hicho hakijachunguzwa ipasavyo. Mali ilikuwepo, nia ilikuwepo. Wakaunda jahazi lao wenyewe la matanga, lenye urefu wa mita kama 27, wakaliita Mana, neno la watu wa Pasifiki lenye maana ya nguvu isiyoonekana. Waling'oa nanga katika bandari ya Falmouth mwezi Machi 1913. Walifika kisiwani tarehe 29 Machi, 1914. Mwaka mzima baharini! Mtaalamu mmoja waliyepanga kwenda naye aligombana nao njiani akashuka, mwingine akaugua homa ya matumbo. Bibi akaendelea.

Alikuta watu wapatao 250 tu, na mkasa wao unaumiza. Mwaka 1862 na 1863 wafanyabiashara ya watumwa kutoka Peru walivamia kisiwa wakanyakua watu karibu 1,500, wakiwemo wakuu na walimu wao. Wengi sana walikufa huko. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui, ikamaliza waliosalia. Sisi wa mwambao na bara la Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa habari za aina hiyo. Baadaye, mwaka 1888, Chile ikakitwaa kisiwa, na ardhi karibu yote ikageuzwa malisho ya kondoo wa kampuni. Katherine hakuwa amekaa hata miezi minne alipoona maasi kwa macho yake: bibi kizee aliyeitwa Angata aliota kwamba Mungu amewarudishia watu wake kisiwa, na watu wakaanza kuchukua mifugo ya kampuni. Katherine alikwenda kuonana naye, akamsihi awazuie. Angata hakubali. Meli ya kivita ya Chile ikaja ikawakamata vinara. Ungedhani mtu aliyetoka Nyeri ya mwaka 1908, ambako mashamba yalikuwa yakitazamwa kwa jicho la tamaa, angemwelewa bibi huyo haraka zaidi. Mnamo Oktoba mwaka huohuo zikatia nanga manowari za Wajerumani, na watu wa kisiwa walikuwa hawajapata hata habari kwamba vita vya dunia vimeanza.

Mchana alipima masanamu na kuchimbua. Lakini kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa ya jioni, ileile aliyoizoea Nyeri: kukaa na wazee na kuuliza. Aliyemsaidia alikuwa Juan Tepano, mwenyeji aliyewahi kuwa askari katika jeshi la Chile, mtu mwenye akili kali na subira ya kwenda kwa mzee mmoja mara kumi.

Habari walizokuwa wakizitafuta zilihusu rongorongo. Hizi ni alama ndogondogo zilizochongwa kwenye vibao vya mbao: watu wenye mikono iliyoinuliwa, ndege, samaki, kasa, mimea, na maumbo yasiyojulikana ni nini. Vilivyobaki duniani ni kama dazeni mbili hivi, na kisiwani kwenyewe hakuna hata kimoja. Viko Rome, Santiago, London, St Petersburg, Washington na kwingineko. Alama zote zinazosomeka kwa macho ni kama 15,000. Na usomaji wake, wee msomaji, ni wa ajabu. Unaanza kona ya chini kushoto. Unakwenda kulia mpaka mwisho wa mstari. Ukifika hapo hurudi kushoto kama sisi. Unakigeuza kibao chote juu chini, na mstari uliokuwa umesimama kichwa chini sasa umekaa sawa, unausoma tena kutoka kushoto kwenda kulia. Unakigeuza tena. Ni kama maksai wa kulima: akifika mwisho wa shamba hageuki akarudi pale alipoanzia, anaingia mfuo wa pili papo hapo. Tofauti ni kwamba hapa shamba ndilo linalogeuzwa.

Mwelekeo huo ulijulikanaje ilhali maneno yenyewe hayasomeki? Ni kwa sababu miaka ya 1870 mwenyeji mmoja aliyekuwa Tahiti, Metoro, alipewa vibao na Askofu Jaussen, akawa anaimba huku akivigeuza mikononi. Alichoimba hakijamsaidia mtu yeyote kufumbua maana. Lakini mikono yake ilikumbuka.

Wazee wa Katherine walimsimulia mengine. Walipokuwa watoto palikuwa na mfalme, Ngaara, ambaye kila mwaka aliwakusanya wasomaji wote wa vibao katika ufuko wa Anakena. Mmoja baada ya mwingine walisimama na kughani. Kijana aliyekosea alisahihishwa. Mzee aliyekosea alitolewa nje akiwa ameshikwa sikio na mtoto! Ukisoma habari hizo ukiwa Nyeri huwezi kuacha kuwaona malenga wawili sokoni na vibuyu vyao, na yule anayekwenda nyumbani mikono mitupu.

Mwisho wa yote, wakaambiwa kwamba yupo mzee mmoja, Tomenika, anayejua aina moja ya maandishi hayo. Alikuwa amelazwa kwenye makao ya wagonjwa wa ukoma, nje ya kijiji. Siku hizo ugonjwa huo haukuwa na dawa na watu waliuogopa kuliko simba. Katherine na Tepano walikwenda. Mzee akapewa karatasi, akachora alama, akaghani maneno. Walirudi tena na tena. Mambo aliyoyasema hayakukubaliana na aliyoyasema mzee mwingine, Kapiera, na wakati mwingine hata na yake mwenyewe ya jana. Kila siku nguvu zilizidi kumwishia. Siku ya mwisho Katherine alimwacha mlangoni pa kibanda chake akijua kwamba ndani ya kichwa kile kilichochoka mna kitu ambacho hakimo popote pengine duniani, na kwamba hakitoki. Wiki chache baadaye Tomenika alikuwa amekufa.

Kutokana na wazee hao Katherine aliamua kwamba rongorongo haikuwa maandishi ya kusomwa na yeyote aliyejifunza herufi. Zilikuwa alama za kumkumbusha mghani, na asiyefundishwa kibao hichohicho asingeweza kukighani. Kwa maneno mengine, kilikuwa kibuyu cha gicandi kilichotandazwa kikawa bapa. Si wataalamu wote waliokubaliana naye. Wapo waliojaribu, na wanaojaribu bado, kukifumbua kama maandishi kamili, lakini hakuna aliyefaulu. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa vibao vinne vilivyoko Rome, na mti wa kimoja wao ukaonekana kuwa ulikatwa katika karne ya 15, muda mrefu kabla ya Wazungu kukiona kisiwa mwaka 1722. Umri wa mti si lazima uwe umri wa maandishi, lakini waliodhani wenyeji waliiga wazo la kuandika kutoka kwa mabaharia wana kazi ya kujieleza.

Waliondoka Rapa Nui Agosti 1915 na kufika Uingereza mwaka 1916, katikati ya vita. Kitabu chake, safari hii akiwa mwandishi peke yake, kilitoka mwaka 1919 na kikasomwa sana. Aliahidi kingine cha kitaalamu zaidi. Wakasafiri tena hadi Mangareva kati ya 1921 na 1923. Kile kitabu cha pili hakikutoka.

Zile sauti za utotoni zilikuwa zimerudi kwa kishindo. Alianza kuwashuku watu wote, mumewe akiwa wa kwanza. Alimfukuza katika nyumba yao kubwa ya London, akajifungia ndani. Mwaka 1929 mume na ndugu zake walimwondoa kwa nguvu wakampeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kule Sussex. Alikuwa mgonjwa kweli, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyetembea Nyeri nzima kwa miguu, aliyevuka Pasifiki kwa tanga, kufungiwa chumbani miaka sita, nakuachia wewe ulipime. Alifariki huko tarehe 13 Desemba, 1935. Scoresby alifariki mwaka 1939 katika kisiwa cha Cyprus.

Daftari zake za Rapa Nui ziliishia katika Shirika la Kifalme la Jiografia, London, zikakaa huko miaka mingi zikifunguliwa na wachache. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Jo Anne Van Tilburg alizichambua kwa muda mrefu na mwaka 2003 akatoa kitabu kizima juu ya maisha yake, na ndipo watu wakafahamu ni mangapi aliyaandika bila kuyachapisha. Ile karatasi ya Tomenika nayo haikupotea. Katherine alichapisha sehemu yake katika kitabu cha mwaka 1919: mistari michache ya alama zilizochorwa kwa mkono unaotetemeka.